Barabara ya Kutosha Watu Wawili

"Huko Usumbura, Edouard atanishika mukono mu njia, mbele ya batu bote. Nikirudi nitawaambia namna ilikuwa."

Georgette aliyatamka maneno hayo foyer, mchana wa Alhamisi, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kona ya mashine za kushona. Mashine zikanyamaza. Wake wa makarani wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, wakainua vichwa kutoka kwenye soksi zao, na hata Mademoiselle wa Kibelgiji, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na amri, akatabasamu kama mtu aliyeelewa.

Foyer ilikuwa nyumba ambamo wake wa watu waliosoma walifundishwa kuwa wake wa watu waliosoma. Walifundishwa kufuma soksi za kukabili baridi ya Ubelgiji. Walifundishwa kuoka keki katika jiko ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nalo nyumbani. Walifundishwa kwamba uma hukaa kushoto mwa sahani, ingawa sombe, mboga ya majani ya muhogo, haijawahi kuuliza uma uko upande gani. Na wiki ile somo lilikuwa kutembea. Bwana na bibi waliostaarabika, alisema Mademoiselle, hutembea sambamba, bwana upande wa magari, bibi upande wa ndani, mkono ndani ya mkono. Alimsimamisha Constance awe bwana, yeye mwenyewe akawa bibi, wakakizunguka chumba mara kadhaa. Constance alikuwa mwanamke mnene mwenye hatua ndefu. Mademoiselle alikuwa akiburutwa tu.

Walipokwisha kucheka, Séraphine, ambaye ulimi wake uliogopwa Kadutu nzima kuliko polisi, alimgeukia Georgette.

"Weye, bwana yako nilimuona juzi, munatoka ku soko. Alikuwa anafika nyumbani. Weye ulikuwa ungali chini ku mutoni."

"Nilikuwa na mizigo."

"Na siku ya misa? Ulikuwa na mizigo ya rozari?"

Hapo ndipo Georgette alipojibu vile kuhusu Usumbura. Na lisemwalo mbele ya Séraphine halikuwa na haja ya kubandikwa ukutani.

Ili kuyaelewa majivuno yale ni lazima kuzijua njia za Kadutu. Mtaa umeng'ang'ania mlima kama mtoto mgongoni, na vijia vyake vinapanda kati ya nyumba na mitaro, vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja husogea pembeni na kusimama juu ya jiwe ili mwingine apite. Hakuna anayetembea na mtu Kadutu. Unatembea mbele ya mtu, au nyuma yake. Georgette alikuwa ametembea nyuma ya Edouard tangu walipooana. Alikijua kisogo chake kuliko uso wake: kovu dogo chini ya sikio, nywele zilizokatwa kwa mstari, kola aliyoipiga pasi yeye mwenyewe kwa makaa.

Aliwahi kumuuliza siku moja, kwa utani, kwa nini hamsubiri. Edouard, ambaye alikuwa karani wa ofisi na mtu wa sababu, alimpa sababu.

"Njia iko mudogo, Mama Camille. Unataka tuende sisi wawili, mumoja aanguke mu nyumba ya batu?"

Georgette aliitazama njia. Kweli ilikuwa ndogo. Akaiamini njia, na akaishi akiiamini.

Alikuwa ametoka Kavumu, binti wa mkulima wa maharagwe na mihogo. Masista walimfundisha kusoma, kushona na kunyamaza. Kusoma na kushona alivishika vizuri. Huko kwao wanawake walilima wakiongea, shamba hili na shamba lile, tangu umande mpaka jua la kichwani, na hakuna aliyemaliza mstari wa maharagwe bila kuijua habari ya nyumba nzima ya mwenzake. Alipoolewa na karani alifikiri mjini maongezi yatakuwa mengi zaidi, maana mume wake alikuwa na maneno ya lugha mbili. Kumbe Edouard aliyaacha yote ofisini. Akirudi alisema "bonsoir", akaketi mezani chini ya taa, akala, akasoma gazeti la misioni. Georgette alikula jikoni pamoja na watoto.

Mara moja tu alikula mezani. Ilikuwa ile siku kamisheni ya Wazungu ilipokuja kuikagua nyumba, kuona kama Edouard amestaarabika vya kutosha kupewa kadi ya mérite civique. Walifungua kabati, wakanusa choo, wakauliza kama watoto wanalala kitandani. Kisha wakatazama chakula kikiliwa. Georgette aliketi mkabala na mume wake, uma mkononi, na Edouard akamwambia, kwa Kifaransa, kwa sauti laini ambayo hakuwahi kuisikia: "Chérie, mpenzi wangu, nipe chumvi." Alimpa chumvi. Kadi ilipatikana, ikawekwa ndani ya kioo ukutani. Chérie aliondoka na Wazungu.

Safari ya Usumbura, mji wa Urundi ng'ambo ya mpaka, ilikuwa fikra ya Placide, mume wa Constance, karani mwenzake Edouard, mtu wa sauti kubwa na kofia ndogo. Likizo zao zilikuwa zimeangukia wakati mmoja, na Placide alikuwa na binamu kule, Anaclet, msimamizi wa ghala la pamba, ambaye alikuwa amewaalika waje kuutembelea mji.

"Wazungu banaenda vacances na bibi zao," Placide alisema. "Banaenda kuangalia. Habaende matanga, habaende kuuza kitu, banaangalia tu na kurudi. Na sisi twende kuangalia."

Georgette alisikia neno moja tu katika habari zote zile. Anaclet alikuwa amesema Usumbura ni tambarare, na barabara zake, hata zile za mtaa wa Waafrika, zilichorwa kwa rula na ni pana kama uwanja. Usiku alilala akiwaza: huko hakuna mlima, hakuna mtaro, hakuna jiwe. Kama kosa lilikuwa la njia, huko atalijua.

Wakapata karatasi zao za kusafiri, watoto wakaachwa kwa mama yake Edouard, na asubuhi moja ya kiangazi wakapanda kamyo. Wanaume, kwa kuwa walikuwa watu wa kadi, waliketi mbele na dereva. Wanawake waliketi nyuma juu ya magunia. Kwa hiyo Georgette alianza vacances zake bila hata kile kisogo. Aliona paa la kabini tu. Kamyo iliteremka kona za mlima wa Ngomo kama mlevi anayetafuta mlango, Constance akatapika katika kila kona aliyoipenda, na kule chini bonde la Ruzizi likawapokea kwa joto la kuvua koti. Mashamba ya pamba yakapita. Kwenye kizuizi cha mpakani askari alizitazama karatasi, akawatazama wao, akauliza wanakwenda kufanya nini Urundi.

"Kuangalia," Placide alijibu kutoka dirishani.

Askari alifikiri kidogo, kisha akainua mti.

Nyumba ya Anaclet ilikuwa Buyenzi, mtaa wa Waafrika. Walipofika jua lilikuwa linaondoka, lakini Georgette hakuingia ndani pamoja na wenzake. Alisimama kizingitini akiitazama barabara. Ilikuwa ya udongo mwekundu, imenyooka, haina mwisho, na ng'ombe sita wangeweza kupita sambamba bila kugusana pembe. Aliitazama kama mtu mwingine angetazama kanisa kubwa.

Kesho yake wakatoka kuutembelea mji. Anaclet alikuwa kazini, lakini njia ya sokoni, alisema, hata kipofu haimpotei. Wakajipanga kama walivyozoea: Placide mbele na kofia yake, nyuma yake Edouard, halafu Constance, halafu Georgette. Hakuna aliyesema jipangeni. Miguu ya Kadutu ilijipanga yenyewe. Upande wa kuume barabara ilikuwa tupu, upande wa kushoto ilikuwa tupu, na wao wanne wakapita katikati kwenye mstari mmoja, kila mtu akikanyaga alipokanyaga mwenzake.

Chini ya kibanda cha mafundi baiskeli, vijana waliacha kazi.

"Hao si watu wa Bukavu?" mmoja akasema. "Angalia wanavyokwenda. Siafu."

"Mzee wa kofia," mwingine akaita, "jeshi unalipeleka vita gani?"

"Nyamaza, usiwachanganye, watapoteza mstari."

Placide alicheka, akainua kofia. Edouard aliongeza mwendo. Georgette alitazama chini akaziona nyayo, mstari mwembamba mmoja katikati ya ule upana wote, kama watu wamejiletea kijia chao kutoka nyumbani. Akajisikia uso unawaka. Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa amelifanya mara nyingi kichwani: akatoka kwenye mstari, akampita Constance, akaharakisha hadi akawa ubavuni mwa Edouard.

Edouard alisikia mtu anakuja. Akasogea pembeni, akasimama, akampisha.

"Pita, Mama Camille."

"Sitaki kupita."

"Una haraka. Pita tu."

Georgette hakusimama, kwa kuwa wenzao walikuwa wakiwatazama. Alipita. Hatua chache mbele alipunguza mwendo ili amkute tena, naye Edouard akapunguza wake, kwa adabu, ili kumwachia nafasi. Wakaenda hivyo mpaka karibu na soko, Edouard akisubiri nyuma, na Georgette akisubiri mbele, na mafundi baiskeli wangekuwa bado wanaona wangekufa kwa kicheko. Mwishowe Edouard alimpita na kurudi mahali pake.

Soko waliliona. Waliona maduka ya Wahindi na vitambaa vinavyoning'inia, wakaona kanisa, wakaona mbwa wa Mzungu aliyevaa mkanda mzuri kuliko wa Placide. Kisha wanaume wakapita cercle, klabu ya makarani, kuwasalimia marafiki wa Anaclet, na wanawake wakarudi nyumbani, kwa sababu cercle haikuwa na kiti cha mwanamke.

Agnès, mke wa Anaclet, aliwapokea vizuri mno. Kuwapokea vizuri maana yake aliwapa kazi, kwani mgeni wa kike anayeachwa aketi mikono mitupu huambiwa kwa njia hiyo kuwa si mtu wa nyumbani. Georgette alipewa ungo wa mchele. Constance alipewa vitunguu na akafurahi. Yeye alikuwa amekuja kupumzika mbali na mama mkwe wake, na vitunguu havikumkumbusha mama mkwe.

"Unachagua mchele kama unatafuta pete," Constance alisema. "Uko na nini?"

"Njia ya huku iko mukubwa."

"Niliona."

"Sasa?"

Constance alikata kitunguu kizima kabla ya kujibu. "Placide alinishika mukono siku moja. Nilikuwa nateleza mu matope. Alinishika hapa," akaonyesha kiwiko, "akaniuliza kama mafuta imemwangika. Nilikuwa nabeba chupa ya mafuta." Akafuta machozi ya kitunguu. "Usimukasirikie Edouard. Hakupige, hanywe."

"Simukasirikii."

Na kweli hakumkasirikia. Angejua pa kuishika hasira angejisikia nafuu. Alikaa katikati ya wanawake watatu wanaoongea, wali ukichemka, na akaona kwamba alikuwa ameleta kutoka Kadutu kitu kile kile alichokuwa amekikimbia, na hakikuwa kijia.

Jioni kabla ya chakula alimkuta Edouard barazani.

"Papa Camille, kesho kisha misa, twende mpaka ku ziwa."

"Tutawaambia wakina Placide."

"Sisi wawili."

Edouard alimtazama kwa mashaka, kama anayetazama karatasi isiyo na muhuri. "Kuko nini kule?"

"Maji."

"Maji iko Bukavu. Ukishuka Nguba unaona ziwa, bure."

"Nataka kuona hii."

"Basi," Edouard alisema. "Tutaenda." Hakuwa mtu mbaya. Ukimwomba kitu kilichonyooka, alikupa.

Jumapili wakaenda. Barabara ya kuteremka bandarini ilikuwa pana kuliko ile ya Buyenzi, ina miti pande zote mbili, na kwa kuwa ilikuwa saa ya joto haikuwa na mtu. Edouard alitangulia. Georgette alikitazama kile kisogo kwa muda, kovu, mstari, kola. Kisha akamwita kwa jina, jambo ambalo halifanywi njiani.

"Edouard."

Aligeuka haraka, akidhani ameumia.

"Huku njia iko mukubwa," Georgette alisema.

Edouard aliitazama barabara, kushoto, kuume, kwa makini ya kazi. "Ndiyo. Baliitengeneza muzuri."

"Tunaweza kutembea sisi wawili. Namna Mademoiselle alituonyesha. Mukono mu mukono."

Sasa alielewa. Hakukataa. Alirudi mpaka alipokuwa amesimama Georgette, akazunguka ili awe upande wa magari ingawa magari hayakuwapo, akanyoosha koti, akakunja kiwiko na kumpa. Georgette aliingiza mkono wake. Kitambaa kilikuwa cha moto kwa jua. Wakaanza kutembea, na kwa muda mfupi sana Georgette aliuona uso wa mume wake kutoka upande ambao hakuwahi kuuona, nje, mchana.

Ulikuwa uso wa siku ya kamisheni. Kidevu juu, shingo ngumu, macho yakitafuta chini ya miti, nyuma, mbele.

"Bako wapi?" Edouard aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ba nani?"

"Bale banatuangalia."

"Hakuna mutu."

Edouard alisimama. Alitazama tena kuhakikisha, na kweli hapakuwa na mtu, isipokuwa kunguru mmoja. Akashusha pumzi, mabega yakalegea.

"Kama hakuna mutu," alisema, "tunaonyesha nani?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kabisa, akingoja ajibiwe. Georgette mwenyewe alikuwa amesema foyer, mbele ya batu bote. Ndivyo walivyofundishwa wote wawili, yeye na Mademoiselle, Edouard na kamisheni. Neno la kitu kile bila watu wa kukitazama, hakuna aliyempa. Mashi, lugha aliyoongea na mama yake, haikuwa nalo, na Kifaransa cha foyer hakikufika huko.

Edouard alisubiri. Kisha akautoa mkono wa Georgette taratibu, kwa heshima, kama anavyorudisha kitabu cha maktaba, akaupigapiga mara mbili.

"Jua iko kali. Twende mbio."

Akatangulia. Georgette alisimama palepale kuona atakwenda hadi wapi. Alikwenda mpaka pale barabara inapokatwa na nyingine, akakunja kona, akapotea. Kisogo hakikugeuka.

Georgette aliteremka peke yake mpaka ziwani. Tanganyika ilikuwa kubwa na haikuwa na la kumwambia. Ng'ambo yake ilisimama milima, ya bluu, mirefu, na ilimchukua muda kutambua kuwa ile ndiyo Kongo, na kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa akiitazama nchi ya kwao kutoka nje. Mahali fulani nyuma ya milima ile ulikuwepo mlango wake. Haukuonyesha kuwa umemkosa. Alikaa juu ya boriti mpaka kivuli chake kikaanza kurefuka.

Karibu naye mwanamke mzee alikuwa ameanika ndagala, dagaa wa ziwa lile, kwenye mchanga, akifukuza ndege kwa tawi.

"Mgeni wewe," mzee alisema.

"Ndiyo, mama. Natoka Bukavu. Tunatembea tu, kuangalia."

"Umekuja na nani?"

"Na bwana yangu."

Mzee alitazama ufuoni kulia, akatazama kushoto, tawi likiwa juu. "Yuko wapi?"

"Iko mbele," Georgette alisema.

Mzee alishusha tawi. Alisogeza miguu yake akampa nafasi kwenye mkeka, akamwekea na yeye tawi la kufukuzia ndege. Wakakaa wakifukuza. Mzee alipoongea aliongea habari za bei, za mvua, na za mkwe wake mvivu, na Georgette aliitikia, na saa ile ndiyo iliyokuwa saa yake nzuri katika vacances zote. Kabla ya kuondoka alinunua vikopo kadhaa vya ndagala, zikafungwa kwenye majani ya mgomba.

Buyenzi alimkuta Edouard barazani na Placide, wakicheza dama kwa vizibo vya chupa.

"Ulikuwa wapi?" Edouard aliuliza, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli. "Nilifika hapa, nikaongea na weye, nikageuka. Nilizani uko nyuma."

"Nilikuwa nyuma," Georgette alisema, akaingia jikoni.

Walirudi Bukavu kama walivyokwenda, wanaume kabini, wanawake juu ya magunia, Constance akitapika sasa katika kona za kupanda. Alipofika kijia cha Kadutu Georgette alipanda nyuma ya mume wake na mizigo kichwani, na kijia kilikuwa kile kile, chembamba, ila sasa hakikuwa na hatia yoyote.

Alhamisi foyer ilijaa kuliko siku ya keki. Hakuna aliyefuma. Constance alikuwa ameinama mno juu ya soksi yake, akiuvuta uzi uliokuwa umenyooka tayari, na masikio yake tu ndiyo yaliyokuwa chumbani. Mademoiselle aliwatazama wote kwa uso wa maswali. Séraphine alisogeza kiti karibu.

"Sasa, maman. Tuambie. Alikushika?"

Georgette alifungua majani ya mgomba mezani. Harufu ya samaki mkavu ikapanda juu ya pamba, juu ya sabuni, juu ya manukato ya Mademoiselle. Wanawake wakangoja. Aliwagawia mmoja baada ya mwingine, fungu la mkono kwa kila mtu, bila kumruka hata mmoja, na alipofika kwa Séraphine alimpa fungu sawa na la wengine.

"Ndagala ya Usumbura," alisema. "Kule kikopo moja ni faranga tatu."